Nafasi ya Chuma Kinachokua

Albertville, upande wa mto Kalemie
Tarehe 4 Agosti 1963

Kwako Mama Mukwe,

Nakusalimu nikiwa nimeinamisha kichwa, hata kama hapa hakuna wa kuniona isipokuwa paka wa atelie yangu ya kutengeneza moteri. Usinione muntu bila adabu kwa kukuandikia. Niliuliza wazee wawili wa Kitabwa hapa mjini kama mwiko wa mukwe na mama mukwe unafika mpaka kwenye karatasi. Mumoja alisema unafika. Wa pili alisema karatasi haina uso, andika tu. Nimemufuata wa pili, maana njo jibu nililokuwa nalitaka.

Mama, tangu bibi yangu Léontine alipokuja huko kwa kilio cha Papa Mukwe, madaraja yamevunjwa na meli haisimami tena Moba. Mutoto wetu wa kwanza alizaliwa bila kulia. Wewe njo ulimuosha na kumuzika, unajua kuliko mimi. Masera, yule mutawa wa dispensari, ameniandikia kwamba safari hii Léontine azalie mbele ya daktari wa kupasua, na daktari huyo yuko huku tu. Kwa mutumbwi ni kulala juu ya mchanga njia nzima, na tumbo lile. Maboti yote yenye moteri, wenyewe wamevuka nayo Kigoma au askari wameyachukua. Limebaki moja.

Ni lile la Mubelgiji niliyemufanyia kazi, yule wa kushindana mbio ziwani kila Siku ya Mungu, Jumapili. Alipokimbia mwaka wa uhuru aliniachia mimi. Ni refu, jembamba, jekundu. Moteri yake iko vipande vipande ndani ya masanduku. Nikiiunga vizuri, tunaondoka huko asubuhi na mapema, na mchana tuko lopitali.

Shida iko hapa. Ndani ya moteri kuna pistoni zinazopanda na kushuka, na kila pistoni inashikwa na mukono, sisi tunauita biele. Biele za kawaida ni za chuma kizito. Huyu bwana alitaka mbio, akaagiza za aluminiyo, nyepesi, nyeupe kama sufuria mupya. Zile za kwanza alizitupa ziwani akicheka. Sasa aluminiyo ikipata moto inakua. Inarefuka, na ikikimbizwa sana inavutika tena. Kwa hiyo unapounga moteri ikiwa baridi, lazima uache nafasi kati ya kichwa cha pistoni na kifuniko cha juu, kubwa kuliko ile ya biele za chuma. Ukiibana, siku moto utakapopanda pistoni itagonga kifuniko, na moteri itakufa katikati ya maji. Nafasi yenyewe ni unene wa kucha mbili hivi. Bwana alikuwa anaipima mwenyewe, amenipa mugongo.

Nakuomba ruhusa nije kumuchukua bibi yangu. Barua anakuletea Félicien, yule wa mutumbwi wa ndagala, dagaa wetu.

Mukwe wako,
Onésime


Moba, tarehe 15 Agosti 1963
Sikukuu ya Bikira Maria

Mukwe wangu,

Félicien alinikuta nakanyaga udongo. Aliweka barua yako juu ya mutungi akaondoka hata bila kungoja maji ya kunywa, alifikiri nitaitupa. Sikuitupa. Masera walinifundisha kusoma ili nisome maisha ya watakatifu, lakini barua ya mukwe nayo inasomeka.

Mwiko unauheshimu, nakushuhudia. Mwaka ule nilipokuja soko la Albertville, wewe njo uliyeruka ndani ya mufereji na suruali yako nyeupe kusudi tusikutane. Nilipita naangalia mbele kama sikuona kitu. Nyumbani nilicheka mpaka marehemu mume wangu akauliza kama nimeshikwa na homa. Mpaka leo uso wako siujui. Najua mugongo wako, najua na suruali. Nilimuuliza Léontine, bwana wako yukoje? Akasema, ni muntu tu, Mama. Watoto wa siku hizi hawajui kueleza.

Haraka yako ni ya nini? Binti yangu ni muzima. Anakula, analala, anaota sana. Jana aliota ziwa limeingia nyumbani polepole bila kulowesha kitu, likaja mpaka kitandani, naye akalala juu yake. Aliamka amefurahi. Kwa hiyo fanya kazi yako taratibu, uimalize vizuri.

Habari ya chuma kinachokua imenikaa kichwani. Vitu vyangu vinakwenda kinyume. Mutungi ukikauka unapungua, ukipita motoni unapungua tena, kwa hiyo naufinyanga mukubwa kuliko ule ninaoutaka. Wewe unaacha nafasi kwa kitu kitakachokua. Nikiwa napalilia mihogo nikafikiri kwamba wazee wetu nao walikuwa mafundi wa moteri. Waliona mukwe na mama mukwe wanapendana muntu mumoja, kila mumoja kwa upande wake, na pale kuna moto. Watu wakipata moto wanavimba. Basi wazee wakaacha nafasi katikati, mpaka mutoto azaliwe na chakula kiliwe pamoja.

Ruhusa unayo. Lakini sitamuacha Léontine aende peke yake, nitakuja naye. Sasa niambie, hilo boti lako jembamba, mimi nitakaa wapi, wewe utakaa wapi, na macho yetu yatakuwa wapi?

Mimi, mama yake Léontine,
Séraphine


Albertville, tarehe 27 Agosti 1963

Mama Mukwe,

Habari ya mufereji nilidhani ilikwisha kufa. Ile suruali haikutakata tena, bibi yangu aliikata vitambaa vya kupangusia sufuria.

Swali lako nimelifanyia kazi. Mimi nitakaa mbele na kuangalia mbele, kama dereva yeyote. Benchi la nyuma nimeling'oa nikaligeuza. Wewe utakaa pale unaangalia tulikotoka. Katikati nitaweka godoro la Léontine na kufunga kikwembe chake cha kujitanda kama ukuta. Ukitaka kitu utamuambia yeye, naye ataniambia. Hata kama ni kusema nipunguze mbio, utamuambia yeye. Watu watakaotuona kutoka ufukweni watafikiri tumegombana.

Na nafasi nimeipima, nina furaha sana. Njia yetu ni hii. Unaweka kitu laini juu ya kichwa cha pistoni, unafunga kifuniko na kukikaza, halafu unazungusha moteri kwa mukono, pole pole, mpaka pistoni ipande juu kabisa na kushuka. Unafungua. Kile kitu laini kimebanwa. Unakikata kwa wembe, unapima unene wake, na unene huo njo nafasi yako. Wabelgiji walikuwa na nta yao maalumu, iliisha zamani. Mimi nimetumia bukari, ugali wetu wa muhogo, iliyosongwa ngumu, na mawese kidogo isishike. Kizito, mwenzangu wa atelie, aliuliza kama moteri itataka na mboga ya sombe. Nikamuacha acheke. Ikatoka safi, nikaikata, nikapima: milimita mbili kasoro kidogo. Kwa biele za chuma, milimita moja inatosha. Kwa hizi nyeupe nilikuwa natafuta moja na nusu. Kwa hiyo ninayo, na ingine inabaki.

Juzi niliota naendesha lile boti na chini yake hakuna ziwa, ni moshi mweupe tu, na moteri inapumua kama muntu aliyelala. Sikutaka kuamka. Wiki hii nalijaribu majini, halafu nakuja. Muambie Léontine asibebe maji.

Mukwe wako,
Onésime


Moba, tarehe 4 Septemba 1963

Onésime wangu,

Mama hajui kama naandika. Yuko kule shimoni anachimba udongo, na mimi nimeambiwa nilale. Barua hii nampa Félicien mwenyewe, mukononi.

Mama anakudanganya. Anakudanganya kwa kukupenda, anaogopa utaharakisha moteri na kuzama. Miguu yangu imevimba. Ukibonyeza kidole, shimo linabaki pale. Kichwa kinauma toka asubuhi, na mara zingine naona vimulimuli mchana. Masera akinipima mukono anasema vizuri, vizuri, halafu anatoka nje na Mama, na Mama anarudi anaimba. Mama haimbi akiwa na furaha, unajua? Akiwa na furaha anagombeza.

Watu wanachoma majani milimani, na moshi umelifunika ziwa lote. Hakuna tena mustari kati ya maji na mbingu. Mitumbwi imesimama hewani, na muvuvi akitupa wavu naona ameutupa mawinguni. Nalala, naamka, nalala, na upande wa kuamka na upande wa kulala vimefanana. Mutoto anageuka ndani, taratibu sana, kama muntu anayetafuta mahali pazuri kitandani. Namuambia, baba yako anakuja na boti jekundu. Nikisema hivyo anatulia. Au mimi njo ninayetulia, sijui.

Naogopa, Onésime. Sikuogopa hivi kwa yule wa kwanza, kwa sababu sikujua. Njoo. Lakini usije na moteri mbaya. Sijui utawezaje yote mawili, ila wewe njo fundi.

Bibi yako,
Léontine


Albertville, tarehe 9 Septemba 1963

Mama Mukwe,

Sikuulizi habari za miguu ya Léontine. Nimekwisha kuzijua. Usimugombeze.

Na mimi nakupa habari yangu, mbaya. Nililishusha boti majini mbele ya mto. Mwendo wa pole, moteri iliimba. Nikaongeza, ikaimba zaidi, nikaanza na mimi kuimba. Nikasukuma mpaka mwisho, na mara nikasikia tik, tik, tik, kama muntu anabisha mulango kwa ukucha. Nilizima papo hapo. Nikarudi kwa kasia, watoto wa ufukweni wananipigia makofi.

Nikafungua. Juu ya kichwa cha kila pistoni kulikuwa na alama inayong'aa, pale ilipobusu kifuniko. Ningeendelea kidogo tu, ingevunjika. Na bukari ilisema milimita mbili! Nilikaa pale sielewi, nimekasirika mpaka machozi. Kizito akaniletea chakula. Nikakata tonge, nikalibonyeza kwa kidole gumba kama kila siku ili nichotee muchuzi, halafu sikula, nikaliangalia. Lile shimo lilianza kupanda lenyewe. Polepole, lakini lilipanda. Bukari ya muhogo ukiibana inakubali, ukiiachia inarudi. Ndani ya moteri ilibanwa mpaka ikawa nyembamba sana, na nilipofungua kifuniko ikavimba tena, ikanidanganya. Muntu nimekula bukari tangu nilipoota meno, na kila siku naibonyeza, na sikuwahi kuiangalia.

Sasa nahitaji kitu kinachobaki pale kilipobanwa. Nimejaribu mishumaa ya parokia, inapasuka. Nimejaribu matope ya mutoni, yamejaa mchanga, yatakwaruza pistoni. Mama, nataka udongo wako. Ule unaofinyangia. Kipande cha ngumi moja kinatosha. Félicien amesema hatalala njiani, atapiga kasia na ndugu yake kwa zamu.

Moteri ninayo, mafuta ya esansi ninayo, bibi yangu yuko huko anavimba, na mimi nimekaa hapa nangoja udongo. Sijawahi kujisikia mujinga namna hii.

Onésime


Moba, tarehe 13 Septemba 1963

Mukwe wangu,

Udongo huu hapa. Nimeuchuja kwa kikwembe mara mbili, hauna hata chembe ya mchanga. Nimeufunga kwa majani ya ndizi na kitambaa kibichi, na Félicien ameapa ataukalisha ndani ya maji ya mutumbwi wake. Ukiufungua umeanza kuwa mugumu, ukande kwa mikono iliyolowa, usiumwagie maji. Na ukikwisha kuubana, upime saa ile ile. Ukiuacha mpaka kesho utakuwa umepungua, na utakudanganya kwa upande mwingine. Usijiite mujinga. Mimi mwenyewe, mitungi yangu ya kwanza ilipasuka yote, na mama yangu alikuwa mufinyanzi.

Habari za miguu ni kweli. Nilikuficha. Niliona ni afadhali uchelewe kuliko uzame. Sasa tumefika mahali ambapo kuchelewa na kuzama ni kitu kimoja. Jana Masera amesema ikifika mwisho wa mwezi, asiulizwe tena yeye.

Kuna lingine. Mama Adolphine, shangazi ya marehemu mume wangu, amesikia habari ya boti. Alikuja hapa na fimbo yake akakaa mulangoni. Amesema mukwe na mama mukwe wakiangaliana uso kwa uso kabla ya mutoto kuzaliwa na chakula kuliwa, jambo linamuangukia mutoto. Alisema mbele ya Léontine. Nilimukaribisha chai, nikamusindikiza, lakini neno lake limebaki ndani ya nyumba. Mimi ni Mukristu, nasali rozari kila jioni, na naliogopa neno hilo. Kwa hiyo kikwembe chako cha katikati, kifunge sana. Na nafasi ya moteri, kama kipimo kinasema inatosha, wewe ongeza.

Nimelala mchana leo, kitu ambacho sifanyi. Niliota nafinyanga mutungi na ukawa unakua chini ya mikono yangu, unakua, mpaka nikawa niko ndani yake, na ndani kulikuwa na mwanga. Sijui ni ndoto ya namna gani kwa muntu wa umri wangu.

Séraphine


Albertville, tarehe 20 Septemba 1963

Mama Mukwe,

Udongo ulifika bado laini. Nikaubana, nikaukata, nikapima saa ile ile kama ulivyosema. Ukweli ni milimita moja kasoro. Hiyo njo nafasi niliyotaka kuwabebea ninyi watatu ziwani. Niliketi chini.

Halafu nilisimama. Nilitafuta bamba jembamba la shaba, nikalikata kwa umbo la kifuniko, nikalichoma mpaka likawa jekundu, nikalizamisha majini ili lilainike. Nikaliweka chini ya kifuniko, kifuniko kikapanda juu kidogo. Nikapima tena kwa udongo wako: mbili kasoro kidogo. Safari hii ni kweli. Moteri imepoteza nguvu, haitamushinda muntu yeyote kwenye mashindano. Nikaikimbiza ziwani mpaka mwisho, sikusikia kitu. Nikaja nikafungua, vichwa vya pistoni vyote ni vyeusi, hakuna alama. Nilimukumbatia Kizito, akaniuliza kama nimekunywa.

Nitafika ufukweni kwenu siku ya tano ya wiki, tarehe 27, jioni, nitalala ndani ya boti. Jumamosi alfajiri muje. Muwashe moto kidogo niwajue, maana kwa moshi huu sitaona kitu. Mukifika nitakuwa nimekwisha kuangalia mbele. Nitaendesha nusu tu, pole pole. Sitaisukuma tena mpaka mwisho.

Onésime


Lopitali, Albertville
Siku ya Mungu, tarehe 29 Septemba 1963

Mukwe wangu,

Nakuandikia nyuma ya karatasi ya sanduku la dawa. Mama Angélique, muuguzi wa hapa, atakuletea hapo nje chini ya ukuta. Anasema umekaa pale toka alfajiri na hukunywa hata chai aliyokupa.

Jana daktari alimupa Léontine sindano za kuzuia kukakamaa. Leo asubuhi amemuingiza chumba cha kupasua. Mulango umefungwa, hawasemi kitu.

Sikuweza kukuambia neno tuliposhuka ufukweni, kulikuwa na watu wengi, nikajifunika kikwembe nikapita. Sasa nasema. Mukwe, tulifanya tulivyofanya. Alipokakamaa pale ziwani na macho yake yakageuka, katikati yetu hakukuwa tena na muntu wa kubeba maneno. Nikavuta kikwembe, nikakuita kwa mudomo wangu mwenyewe. Ukageuka. Nami nilikuangalia. Si kwa bahati mbaya, si kidogo. Nilikuangalia kama muntu anayezama anavyoangalia muti. Ulisema neno, nikajibu, mikono yetu ikagusana juu ya usukani.

Sasa nimekaa hapa kwenye kiti na rozari yangu, na kila shanga nasikia sauti ya Mama Adolphine. Yule wa kwanza nilimuosha akiwa kimya. Kama na huyu hatalia, niambie wewe uliyekuwepo, ni mimi?

Séraphine


Nje, chini ya ukuta
Siku hiyo hiyo

Mama Mukwe,

Naandika kwa kalamu ya Mama Angélique, samahani, mikono yangu ina mafuta.

Si wewe. Kama usingeniita, ningeendelea kuangalia mbele na adabu yangu yote mpaka bibi yangu afe nyuma yangu. Mimi sikusikia kitu, moteri ilikuwa inaimba.

Nakuambia yale niliyoona mimi. Nilimushika Léontine asijigonge kwenye mbao, na nikakuambia shika usukani, sukuma ile fimbo ya mbio mpaka mwisho. Hukuuliza mara mbili. Ukasukuma. Boti likanyanyua pua, na mbele yako hakukuwa na mulima wala maji, ni weupe tu, kama mule ndani ya ndoto yangu. Wewe ukaendesha umenyooka kama muntu anayerudi nyumbani kwake. Léontine alilegea mikononi mwangu, akapumua, akalala. Sijui ilichukua muda gani. Ilikuwa kama hatuendi mahali. Kuna wakati nilisahau kuogopa, nikawa naangalia mugongo wako, na moteri iko chini yetu, na natega sikio kwa ile tik, tik. Haikuja. Moto ulipanda kuliko siku zote, biele zilikua mpaka mwisho wa kukua kwao, na hazikugonga kitu.

Jana jioni walipotufukuza kwenye mulango, sikuweza kukaa bure, nikaenda nikafungua moteri. Ni safi, Mama. Nafasi ilibaki.

Na sisi wawili tulipata moto sana jana. Tulisogeleana mpaka mwisho, na hatukugongana. Sijui Mama Adolphine atasema nini juu ya hilo. Mimi si muzee, sijui mambo ya mwiko zaidi ya kuruka mifereji. Nasema tu niliyoyaona. Na naogopa kama wewe, labda zaidi. Ukisikia kitu, chochote, niandikie.

Onésime


Ndani, mchana

Mukwe wangu,

Mutoto amelia. Hukusikia? Amelia mpaka Mama Angélique akaenda kufunga dirisha. Ni mutoto mwanaume.

Léontine bado amelala kwa dawa. Daktari amesema damu yake imetulia, ataamka jioni, na mutakaa hapa mpaka atakapotembea mwenyewe. Nimemugusa miguu, ni ya moto. Nililia pale mbele ya daktari, na sikuona haya.

Mutoto niko naye mikononi, ndiyo sababu naandika vibaya. Ni mudogo, ana hasira, anatafuta ziwa la mama yake kwenye kikwembe changu na hapati kitu. Katikati ya kidevu ana shimo. Kwetu hakuna muntu mwenye shimo hilo, wala kwa marehemu mume wangu. Nililiona kwako jana ulipogeuka, lilikuwa limejaa maji ya ziwa. Léontine hakuwahi kuniambia.

Hapa sina jiko wala kuku wa kukupikia ili mambo yaishe kwa utaratibu wake. Hayo tutayafanya, nitamuita hata Mama Adolphine aje ale. Lakini Mama Angélique anataka kunipeleka nyuma, kwenye veranda, ili wewe uingie bila kunikuta. Nimemuambia hapana. Ingia umuone mwanao. Mimi sitoki.

Séraphine